Areka: Mti Ufananao na Mwanzi, na Jinsi ya Kuutambua na Kuukuza

Katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, tangu Kaloleni na Bahati hata Buruburu, Umoja na Kayole, uko mti mmoja wa mapambo ambao watu wameupenda sana. Huonekana mlangoni mwa nyumba, katika ua wa kanisa na wa shule, mbele ya saluni na hoteli, na katika vyungu vilivyopangwa kando ya barabara vikingojea mnunuzi. Mashina yake ni mengi na membamba, nayo yamesimama pamoja kama watu wa jamaa moja. Yana pingili kama za mwanzi, lakini juu yake hayana majani ya mwanzi bali makuti, kama ya mnazi mdogo. Wauzaji wengi huuita areka.

Walakini jina hilo moja hufunika miti zaidi ya mmoja, na kila mti una tabia yake. Mmoja wataka mwanga mwingi, na mwingine huunguzwa na jua kali. Mmoja waweza kupita paa la nyumba, na mwingine hauzidi sana kimo cha mlango. Mmoja hauna mwiba hata mmoja, na mwingine una miiba iwezayo kumtoboa mtoto jicho. Mtu asiyejua tofauti hizo hutoa fedha zake, hupanda, humwagilia kwa bidii, na baada ya miezi michache hana kitu ila vijiti vikavu. Kwa hiyo yafaa tueleze jinsi ya kuitambua miti hiyo kabla ya kulipa, na jinsi ya kuutunza ule uliochaguliwa katika udongo, maji na hali ya hewa ya Eastlands.

ASILI YA JINA

Mti ulio na haki ya kuitwa areka ni mpopoo, ambao watu wa Pwani wameujua tangu zamani. Ndio uzaao popoo, zinazokatwa vipande na kutafunwa pamoja na tambuu na chokaa. Mpopoo una shina moja tu, refu na jembamba, wala hauoti kichaka.

Mti unaouzwa Nairobi kwa jina la areka si mpopoo, bali ni ndugu yake wa mbali kutoka kisiwa cha Madagaska. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Wendland, aliupa jina la Chrysalidocarpus lutescens mwaka 1878. Mwaka 1995 Henk Beentje na John Dransfield, katika kitabu chao juu ya miti ya jamii ya mnazi iliyoko Madagaska, waliuhamisha katika ukoo wa Dypsis. Na mwaka 2022 wataalamu waliurudisha katika ukoo wake wa kwanza. Ndiyo maana vitabu vingine huuita Dypsis lutescens na vingine hutumia jina lile la zamani, hali mti ni ule ule. Huyo Beentje ana uhusiano na Kenya pia, kwa maana ndiye aliyeandika kitabu kikubwa juu ya miti na vichaka vya nchi hii, kilichotolewa na National Museums of Kenya mwaka 1994. Neno lutescens maana yake ni kugeuka kuwa rangi ya manjano, na msomaji ataona sasa hivi kwa nini mti huu uliitwa hivyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mti huu, uliojaa katika miji mingi ya dunia yenye joto, umepungua kwao. Katika misitu ya mashariki ya Madagaska, ambayo sehemu kubwa yake imekatwa, umehesabiwa kuwa mti unaokaribia kuingia hatarini.

KWANZA, NI MWANZI AU SIVYO?

Mwanzi ni wa jamii ya nyasi, ndugu wa muwa na muhindi. Aina nyingi za mwanzi zina shina lililo tupu ndani, hata ukiligonga hulia. Tena katika vifundo vyake hutoka vitawi.

Areka haina mambo hayo. Shina lake limejaa ndani, wala halitoi tawi hata moja. Zile pete zinazoonekana juu yake si vifundo, ni makovu. Kila kuti linapozeeka na kuanguka, huacha pete moja mahali liliposhika. Kwa hiyo aonaye pete nyingi ajue ya kwamba makuti mengi yamekwisha kuzaliwa na kufa juu ya shina lile.

MITI MITATU YA KUTOFAUTISHA

Wa kwanza ni areka ya Madagaska. Tazama mahali kuti linaposhikana na shina: hapo pana rangi ya manjano au ya dhahabu, hasa mti ukikaa penye mwanga mwingi. Kuti lake limepinda kama upinde, nalo lina majani membamba mengi sana, yapata 40 hadi 60 kila upande. Mti huu hauna miiba. Ukipandwa ardhini mahali pa joto na maji ya kutosha, waweza kufika mita 6 na hata kuzidi, na kichaka chake hupanuka mwaka hata mwaka.

Wa pili ni kamedorea, ambao kwao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Huu ndio ufananao na mwanzi kuliko yote. Shina lake ni la kijani, unene wake kama kidole cha mtu, na pete zake zimeachana vizuri. Kuti lake ni fupi, na majani yake ni machache, hayazidi sana 18 kila upande. Kimo chake ni mita 2 au 3. Kwao huota chini ya miti mikubwa ya msitu, na kwa sababu hiyo huvumilia kivuli. Ukizaa, huonyesha kikonyo cha rangi ya machungwa chenye tunda ndogo nyeusi. Tunda hizo hazifai kuliwa wala kuchezewa, kwa maana maji yake huwasha ngozi.

Wa tatu ni mkindu, nao ni mwenyeji, si mgeni. Huota kando ya mito na mahali penye unyevu, kutoka Pwani hata nchi za juu. Kina mama wa Pwani huyakausha na kuyapasua majani yake, wakapata ukindu wa kusukia mikeka na vikapu. Mkindu pia huota mashina mengi kwa pamoja, na mche wake mchanga katika chungu waweza kumdanganya mtu. Lakini ni ndugu wa mtende, na kama mtende, majani ya chini ya kuti lake yamegeuka kuwa miiba mirefu iliyo mikali kama sindano.

Iko njia moja ya kuutambua mkindu hata kama miiba bado ni midogo. Shika jani moja jembamba pale linaposhikana na mfupa wa kuti, ukatazame jinsi lilivyokunjwa. Jani la mkindu limekunjwa kama mtaro, yaani likipata tone la maji litalishika. Jani la areka na la kamedorea limekunjwa kama paa la nyumba, yaani tone litateremka pande zote mbili. Alama hii haibadiliki kwa umri wa mti wala kwa hali ya udongo, na mtu akiizoea hatahitaji kuuliza jina.

Haya hatuyasemi ili mkindu udharauliwe. Ukingoni mwa mto, au katika uwanja mpana ulio mbali na mahali wanapocheza watoto, mti huu ni bora kuliko wageni wote wawili, kwa kuwa umezoea nchi. Kosa ni kuupanda mlangoni kwa kudhani ni areka.

KUCHAGUA MCHE

Mtu akifika kwa muuza miche, asitazame wingi wa makuti tu. Mara nyingi chungu kimoja kimejazwa miche kumi au zaidi iliyootesha mbegu pamoja, ili kionekane kimenenepa upesi. Si udanganyifu, ni desturi ya kazi hiyo, lakini yafaa mnunuzi ajue ya kuwa miche hiyo itashindana, na baadhi yake itakufa.

Jambo la kwanza la kutazama ni kuti jipya lililo katikati, ambalo bado halijafunguka. Likiwa gumu na la kijani, mche una uhai. Likiwa la kahawia, au likichomoka kwa kuvutwa kidogo, mche umeoza moyoni, usiuchukue. La pili, tikisa shina polepole. Likiyumba ndani ya udongo, huenda limeng'olewa kichakani juzi tu na halijashika mizizi. La tatu, geuza majani utazame chini yake. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, au utando mwembamba kama wa buibui, hao ni wadudu wanaofyonza maji ya mti, nao watahamia katika mimea yako mingine. Mwisho, uliza mche ulikaa wapi, juani au kivulini. Kuuliza si ujinga. Mche uliolelewa kivulini ukiwekwa ghafula katika jua la mchana, majani yake yataungua hata kama ni areka ipendayo mwanga. Yapasa uzoeshwe kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au matatu.

MAHALI NA UDONGO

Eastlands ina nyumba za namna nyingi. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, iliwekwa kwa mpango wa nyumba za chini zilizozungukwa na viwanja wazi. Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ina nyumba zenye bustani ndogo. Siku hizi mahali pengi pamejengwa maghorofa yanayokaribiana, hata jua huonekana kwa saa chache tu. Mwenye uwanja wazi achague areka ya Madagaska. Akaaye katika ghorofa lenye kivuli achague kamedorea, aiweke karibu na dirisha. Areka ikifungiwa chumbani penye giza huishi kwa akiba yake tu, na ikiisha akiba, hufa.

Udongo wa sehemu kubwa ya Eastlands ni ule mweusi unaoshika viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Una chakula cha mimea, lakini maji hayapiti upesi ndani yake, na mizizi ya areka ikizama katika maji yaliyosimama hukosa hewa na kuoza. Ndipo majani hugeuka manjano, na mwenye mti, akidhani una kiu, huzidi kuumwagilia.

Ili kuepuka hasara hiyo, chimba shimo la kina cha mkono mmoja, ulijaze maji jioni, ukalitazame asubuhi. Kama maji yamekwisha, waweza kupanda hapo. Kama yamebaki, lifukie, ujenge tuta pana lenye kimo cha magoti kwa udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, ukapande juu ya tuta hilo. Usilifukie shina kupita pale lilipokuwa katika chungu. Kisha tandaza nyasi kavu juu ya udongo, zisiguse shina.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua kubwa, mwezi wa Machi au Aprili, ili mche ushike mizizi kabla ya baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mti wa joto huona taabu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katika miezi hiyo hausongi mbele, na makuti yaweza kupauka. Huo si ugonjwa, basi usiulazimishe kwa mbolea. Punguza maji na ungoje jua la Septemba.

Watu wengine huogopa kupanda mti karibu na nyumba kwa sababu ya msingi na mabomba. Hofu hiyo ni ya haki kwa miti kama mikuyu, ambayo mizizi yake hunenepa mwaka hata mwaka. Mizizi ya jamii ya mnazi hainenepi hivyo. Ni mingi na membamba, kama ya nyasi kubwa. Hata hivyo, uache nafasi ya mita moja na nusu kutoka ukutani, ili kichaka kipate kupanuka na makuti yasisuguane na ukuta.

MAJI YAUNGUZAYO NCHA

Katika Eastlands liko jambo jingine lisilojulikana sana. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka katika mabwawa, kama lile la Ndakaini, nayo ni maji laini. Lakini bomba likikauka, watu hutumia maji ya visima virefu, na visima vingi vya Nairobi vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi hupita mpaka huo. Ndiyo madini yale yale yanayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia.

Areka na kamedorea ni katika mimea inayodhurika kwa madini hayo. Maji hupanda mpaka ncha ya jani, hewa huyakausha, na madini hubaki pale pale, yakizidi siku kwa siku. Ncha hukauka na kuwa za kahawia, na kuti zima huonekana kama limepitishwa juu ya moto. Kuyachemsha maji hakuondoi floraidi, wala kuyalaza usiku kucha katika ndoo. Dawa yake ni kukinga maji ya mvua kutoka mabatini, na kuyaweka kwa ajili ya mimea ya vyungu. Asiyekuwa nayo atumie maji ya bomba yanapopatikana. Pia ajihadhari na mbolea ya superfosfeti, kwa sababu nayo huwa na floraidi.

Kiasi cha maji hupimwa kwa kidole. Tia kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Ukiona unyevu, ngoja. Ukiona pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha mwaga yaliyobaki katika kisahani. Chungu kisicho na tundu chini hakifai.

MOYO WA MTI USIKATWE

Neno hili ni kubwa kuliko yote. Mti kama mwembe ukikatwa kichwa hutoa matawi mapya. Shina la areka haliwezi. Kila shina lina moyo mmoja tu wa kukulia, ulio juu kabisa katikati ya makuti, kama ulivyo wa mnazi. Ukiukata ili kupunguza urefu, shina lile limekwisha. Litasimama miezi kadhaa, kisha litaoza. Areka ikizidi kimo, kata shina refu lote mpaka chini, na vichipukizi vilivyo kando vitachukua mahali pake, kama watoto wa mgomba.

Makuti nayo yasikatwe ovyo. Kuti la chini likiwa na madoa ya manjano, mara nyingi mti umekosa potasi, nao unainyonya kutoka kuti lile la zamani ili kulilisha jipya. Ukilikata lingali na rangi ya kijani, umeunyang'anya mti akiba yake, na ugonjwa utahamia kuti lifuatalo. Ngoja likauke kabisa. Wakati huo huo tia samadi na mbolea yenye potasi, kidogo kidogo, katika miezi ya mvua na joto.

KUZIDISHA MITI

Mbegu hufaa zikiwa mbichi, zikikauka hufa. Ondoa nyama ya tunda, loweka mbegu siku moja, uzipande karibu na uso wa udongo mwepesi, mahali pa joto. Huchipua baada ya mwezi mmoja, au miwili, au mitatu, na katika baridi ya Nairobi huchelewa zaidi. Njia ya pili ni kukigawa kichaka kwa panga lililo kali wakati wa mvua. Kila sehemu lazima iwe na mizizi yake, na iwekwe kivulini mpaka itoe kuti jipya. Katika kugawa, sehemu nyingine hufa, basi asiye na kichaka kikubwa asijaribu.

JE, AREKA HUSAFISHA HEWA?

Wako wauzaji wasemao ya kwamba mti huu husafisha hewa ya nyumba. Habari hiyo ilitokana na majaribio yaliyotangazwa na shirika la NASA la Marekani mwaka 1989, ambayo yalifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mwaka 2019 wataalamu wengine waliyapima tena matokeo ya namna hiyo, wakaona ya kwamba ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka nyumbani, ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Basi akaaye karibu na jaa la Dandora asinunue areka kwa kutumaini kwamba itamkinga na moshi. Anunue kwa sababu ya uzuri wake na kivuli chake, na kwa sababu makuti yake hayana sumu kwa mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, msomaji atazame mkunjo wa jani, ahesabu majani ya kuti, aangalie rangi ya shina, na akumbuke mwanga, udongo na maji aliyo nayo nyumbani. Kisha apande na kuvumilia. Areka haikui kama mhindi: katika mwaka wa kwanza kazi yake kubwa iko chini ya ardhi, ambako haionekani, na vichipukizi vya kwanza vikitokea kando ya shina, hapo ndipo mwenye mti atakapojua kwamba umekubali kukaa.